Ngano ya Khitma Yako

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo huko uliko. Ningependa kukuandikia ya heri, lakini kinyaa hakijanitoka tangu Ijumaa, na hapa Mapinga sina wa kumweleza akanielewa ila wewe.

Unakumbuka walivyokucheka ulipopanda ngano nyuma ya nyumba? "Ngano pwani hii, mzee? Panda muhogo!" Ukawajibu, "Siku yangu ikifika, sitaki khitma ya unga wa dukani." Ukatandaza mipira ya kumwagilia kwa matone, ukanikabidhi koki. Kila tukishaswali alfajiri tulikwenda pamoja. Unachimbua udongo wa kwenye mizizi, unaufinya kiganjani. Ukishikamana, tunarudi kunywa chai. Ukimeguka, nafungua maji. "Ikitoa masuke, isione kiu," ulikuwa ukiniambia. "Punje zikianza kukauka, funga, usiguse tena."

Ulitutoka masuke ndiyo kwanza yanachomoza. Kaka Kassim akaja kutoka mjini kusimamia mirathi, akaninyang'anya koki. Unajua alimwagilia lini? Wageni walipokuja! Kila akileta wanunuzi wa kutazama viwanja, anafungua maji waone kijani, wapige picha. Asubuhi wageni, maji. Jioni wageni, maji. Nikamwambia, "Kaka, punje zinakauka, funga." Akanicheka. "We dada, umeona wapi mmea ukafa kwa kunywa?"

Haikufa, Baba. Ililala. Mabua yalilegea yakaanguka kwenye tope, masuke yakaota ukungu, punje zikachipua zikiwa bado kwenye suke. Harufu yake! Nilipoinama kuokota, nilitapika.

Na hilo lilikuwa dogo. Ijumaa, siku ya arobaini yako, tuko jikoni na kina shangazi, Kassim akaja na unga wa dukani, akaumimina kwenye ndoo yako ya mbegu. Baadaye nikamsikia barazani akiwaambia watu, "Maandazi haya ni ya ngano ya mzee." Shehe akasema mashaallah. Kaka yangu akafumba macho akitafuna: "Mnaisikia ladha ya mkono wa Baba?" Astaghafirullah! Mtu anamzulia marehemu, misahafu haijafungwa!

Nilitoka na mikono yangu ya unga, nikasimama mlangoni kwa wanaume. Nikasema, "Unga huu ni wa dukani. Ngano ya Baba imeozea shambani." Kassim akanisogelea, akanong'ona, "Unaniaibisha mbele za watu?" Hilo tu ndilo lililomuuma. Wewe hukumpitia hata akilini.

Sasa sikia. Ile kona ya uani unaikumbuka, ambako mipira ilikuwa ikiziba kwa chumvi, tukawa hatuishi kuizibua? Ulipoondoka hakuna aliyeigusa, na maji ya Kassim hayakufika huko. Ngano yake imesimama. Punje ni nyembamba, lakini ngumu, kavu, ukizitikisa zinalia. Nimezipukuchua, nimepata kopo moja, nimeliweka uvunguni.

Mirathi iligawanywa jana. Waliponiuliza nataka upande gani, nikasema kona ya uani. Kassim alifurahi, akaniona mjinga. Koki nimeing'oa, ninavyoandika iko mapajani.

Kipupwe kijacho nitapanda, na udongo nitaufinya mwenyewe. Utasomewa khitma kwa unga wako, Baba. Kassim akija nitampa mkeka akae. Andazi simpi.

Pumzika,
Mwanao uliyemwachia koki