Bia ya Jumapili

Ussi, sikuwa na kiu, sikuwa na hamu, na sasa sina amani.

Basi letu la kanisa lilisimama kijijini huko Wales, ambako sheria hufunga baa Jumapili. Nikaingia mlango wa nyuma wa baa moja kuomba choo tu. Kumbe ndani wanakunywa! Wakatia komeo nyuma yangu.

Mara hodi. Polisi! Nikajua nimekwisha.

Polisi akavua kofia, akaagiza bia. Bia, Ussi!

Mimi na masomo yangu ya jioni ya sheria nikamwambia, "Afande, sheria hairuhusu."

Akanisukumia glasi. "Asiyekunywa atatusema. Hutoki hivihivi, mzee."

Nje Peninah, mke wangu, ananiita. Mzee wa kanisa nikanywa.

Hajui. Ulimi uleule ulioonja bia utalamba gundi ya bahasha hii, nami nitaikimbiza posta kabla Peninah hajainusa.