Neno Nililomsomea Mama

Amalemba, Jumapili, Agosti 1994

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na mimi siwezi kutulia. Nimefagia chumba mara mbili. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Alhamisi tulipata telegramu kutoka Mombasa. Aliyeituma ni baba mdogo, anayefanya kazi na Baba bandarini na anayependa sana kuandika Kiingereza. Maneno yalikuwa matatu tu: "Father left Wednesday."

Mama hajui Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ni mimi, nafundisha darasa la sita, mwaka wa tatu sasa. Tulijua Baba amelazwa hospitalini wiki mbili. Mama alifuta mikono kwa leso, akaniambia, "Soma, Nekesa."

Nikasema, "Baba ametuacha Jumatano."

Ningeweza kusema ameondoka Mombasa. Sikusema.

Mama aliketi chini pale pale mlangoni. Kufikia jioni majirani walikuwa wamejaa uani, na wajomba wametumiwa habari huko Musanda.

Ijumaa saa nane hivi, Baba aliingia langoni na mkoba wake. Amekonda. Alikuwa amelala Nairobi kwanza, kupumzika. Alipoona watu, alivua kofia, akamwinamia jirani yetu Mama Ayuma na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Tumempoteza nani?"

Mama Ayuma aliweka sufuria chini. Mama ndiye aliyetembea mpaka kwake, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Jana nilifungua kamusi kubwa niliyoazima shuleni. "Leave", ambayo "left" ni wakati wake uliopita, ina maana nyingi: kuondoka, kuacha kazi, kuacha mke, kumwachia mtu mali, kusaza chakula. Asili yake ni ya kale sana, na hapo mwanzo haikuwa na maana ya kuondoka hata kidogo. Ilikuwa kuacha kitu kibaki. Neno lilimtazama anayebaki.

Nilisoma ukurasa ule nikitafuta mahali pa kujificha. Wajomba walipofika, niliwaambia kwamba Kiingereza kinachanganya. Walikubali, wakacheka kidogo, wakarudi kwao.

Lakini kamusi haikunidanganya.

Kwa miaka tisa Baba amekuja nyumbani mara nne. Nimekua bila yeye. Nilipoona "left", sikufikiria basi wala safari. Neno la kwanza kunijia lilikuwa "ametuacha", lile nililokuwa nalo moyoni tangu nikiwa msichana wa shule, na nililitoa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Nilimzika kabla hajafa.

Leo baada ya kanisa Baba aliuliza ni nani aliyeisoma telegramu. Mama alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu. Bila kugeuka akasema, "Tulisoma vibaya. Sisi wote."

Baba akanitazama. Nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshalowa.

Mama hawezi kunibebea hili. Kesho asubuhi, nikimpelekea Baba chai, nitamwambia kwamba ni mimi, na kwa nini.