Singo Bila Harusi

Ngamiani, Tanga

Dada yangu Raya,

Asalamu aleikum. Shikamoo yako naitanguliza mapema, usije ukasema Tanga imenimeza nikasahau adabu. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi nipo, naongea na kucheka kama unijuavyo. Nimeandika barua kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na haya nitakayosema si ya ukumbi mzima. Ukiona herufi zinapepesuka, ni vidole.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kama nitavuka kuja Pemba kumsinga binti yako Zuwena, nimkande na kumpaka manukato kabla ya harusi, nami nimekuwa nikizungukazunguka. Sababu ni hii. Tangu masika vidole vyangu vimevimba, asubuhi haviwezi hata kufunga kifungo. Daktari kasema ni baridi yabisi, kanipa dawa, nazo nazimeza. Lakini nani atamwita msingaji asiyeweza kukunja vidole? Nikawa naficha mikono ndani ya kanga nikiogopa kazi itakwisha. Zaidi niliogopa kwamba Zuwena, niliyemwogesha akiwa mchanga, atasingwa na mtu mwingine.

Daktari aliniambia pia nitafute cha kuulegeza mwili, maana ukikakamaa, maumivu huzidi. Basi nikajiunga na wagonjwa wenzangu pale hospitali. Tunalala kwenye mikeka, muuguzi anatuambia tuvute pumzi polepole, tufumbe macho, tufikirie mahali penye utulivu. Siku ya kwanza nilifikiria jiko lako, nikaikumbuka sufuria yangu uliyoiazima, nikainuka nimekasirika. Siku hizi nafikiria kisima cha nyumbani, na nasinzia mpaka niguswe bega. Vidole havijanyooka, lakini usingizi umerudi. Jioni naviloweka kwenye maji ya vuguvugu, nayo yananipa nafuu kidogo.

Muuguzi akasema hata kukandwa kunaweza kunituliza, mradi mkono uwe mwepesi na dawa nisiache. Miaka yote hii nakanda watu, mimi mwenyewe sijakandwa tangu niolewe. Mpangaji mwenzangu Mama Neema, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri anayeimba kwaya hata akiwa anafua, akajitolea. Nikamtuma sokoni aninunulie unga wa liwa, maua ya asmini na mafuta ya nazi, kwa kuwa harufu ile ndiyo inayonituliza. Muuzaji akamuuliza singo hiyo ni ya nani. Akajibu bila wasiwasi kwamba ni ya Bi Riziki. Kwao milimani hawana mambo haya, hakujua kuwa singo hupakwa bibi harusi, na kwamba ameshatangaza ndoa ya mjane.

Tukakaa uani. Mama Neema ana viganja vya jembe, lakini anagusa kama ameshika yai. Mimi nilikakamaa kama gogo, mpaka akaniambia, "Bi Riziki, niachie huo mkono. Unanishika wewe badala ya mimi kukushika."

Nikauachia. Dada, nililia, na si kwa maumivu. Kumbe nilikuwa sijui ninachowapa watu.

Kesho yake alasiri wanawake wa mtaani wakaingia na sahani ya visheti na vigelegele. Walikuwa wamesikia habari za sokoni, na asmini wameinusa kichochoroni, basi wameniozesha tayari. Jirani yetu Bi Mwanatumu alikuja amenuna.

"Ndiyo nini kuolewa kimyakimya, Riziki? Hata sisi?"

Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikatoa mikono ndani ya kanga, nikaiweka mkekani mbele yao. Nikawaambia inayosingwa ndiyo hii, bwana harusi hayupo. Halafu Bi Mwanatumu akakishika kidole changu kimoja, taratibu, akauliza panauma wapi. Visheti tukavila mpaka vikaisha.

Tangu siku hiyo sifichi. Kazi imepungua na najua itapungua zaidi. Inaniuma, ila moyo umetulia. Kwa hiyo jibu lako ni hili: nitakuja, lakini sitamsinga Zuwena. Mtafutieni mtu mwenye mikono mizima. Mimi nitakaa upande wa kichwani, nimwelekeze wapi atumie kiganja na wapi vidole. Mwambie Zuwena wewe kwanza, kwa upole wako. Nikimwambia mimi nitashindwa kumaliza.

Mama mbusu mikono kwa niaba yangu. Shemeji mwambie namsalimu, na kaka yetu mkubwa mpe shikamoo yangu hata kama bado ana hasira na mimi kwa kutorudi nyumbani baada ya msiba wa mume wangu. Mama Neema naye anawasalimu, anasema anawajua kwa maneno yangu.

Moja la mwisho, dada. Siku ya kusingwa, bibi harusi akishatoka chumbani, singo ikibaki bakulini usiimwage. Funga mlango, ukae na mimi, unipake wewe.

Ndugu yako akupendaye,
Riziki