Mfalme Aliyetazama Upande wa Marehemu

Jumanne, 13 Julai 1830

Mchoro wa mfalme mpya umeletwa leo. Kiwanda cha sarafu kinataka sarafu moja ya mfano, ya dhahabu, wakubwa waitazame kabla ya kuamua. Baba aliupokea, akausogeza puani, akasema ni mzuri. Hakuona kitu! Tangu Pasaka haoni hata kijiko chake. Basi nitachonga mimi, kama nilivyomchongea maandishi na nywele miaka yote, na jina litakuwa lake. Wakijua, nyumba hii ya kiwanda si yetu tena. London nzima nani atampa kazi mchongaji kipofu?

Alhamisi, 22 Julai

Muhuri wa chuma wa kugongea sarafu umekwisha. Mgongo unaniuma. Wakati wa supu Baba akaniuliza, pua nimeipa mfupa? "Usimwekee mfalme kiazi, Dorcas!" Tukacheka. Siku nyingi hatujacheka.

Jumatatu, 26 Julai

Sarafu imegongwa. Wagongaji wametuletea tuikague. Kesho Bwana Tunstead, msimamizi wao, anaifuata mwenyewe. Inang'aa hadi nikaona haya kuishika na kucha zangu nyeusi. Nikamwekea Baba kiganjani. Akaipapasa kwa kidole gumba—paji, pua, kidevu.

"Mwanangu, mimi sijawahi kuchonga uso kama huu."

Kisha kidole kikarudi puani, kikakaa hapo.

"Anatazama kushoto."

"Ndiyo, Baba."

"Mfalme marehemu naye alitazama kushoto."

Mungu wangu! Kila mfalme humpa kisogo aliyemtangulia, ndiyo desturi. Na ukichongacho kwenye muhuri hutoka kinyume kwenye sarafu. Maandishi nayageuza hata usingizini. Lakini michoro ya nyuso aliigeuza Baba, macho yake yalipokuwa mazima, ndipo akanipa. Huu hakuna aliyeugeuza. Nimeufuata kama ulivyokuja.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu kwamba kosa atalibeba yeye, nisifungue mdomo.

Jumanne, 27 Julai

Bwana Tunstead yuko chumbani na Baba. Nimesingizia chai, naandika jikoni.

Aliipeleka sarafu dirishani, akaitazama. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee Scarth, huu ni uso mzuri kuliko zote ulizotufanyia. Lakini upande! Hata mwanagenzi hakosei upande. Ulikuwa unatazama wapi?"

Bwana Tunstead akaondoka dirishani, akanyata juu ya zulia hadi mlangoni, nilipokuwa nimesimama mimi.

Baba akajiweka sawa kitini, akainua kidevu kama mtu wa heshima zake. "Macho yangu ni yale yale, bwana. Mkono ndio umezeeka."

Aliyaambia mapazia ya dirisha.

Bwana Tunstead alimtazama muda mrefu, halafu akaitazama mikono yangu. Nikaificha kwenye aproni. Nimechelewa, najua.

Maji yamechemka. Sasa anaita kutoka huko ndani. Hamwiti Baba. Ananiita mimi—na anasema nije na patasi zangu.