Haiya Yangu ya Kwanza

Kwa Wambui wangu,

Nisamehe, barua yako imekaa mwezi mzima chini ya nepi. Hapa Kinoo tuko salama. Mtoto ameota meno mawili, na usingizi wangu ameuchukua yeye. Msalimie cucu sana kwa niaba ya mjukuu wake huyu.

Umeuliza kama utaruhusiwa kufanya mtihani wa mshipi wa njano wa karate bila kupiga kelele unaporusha ngumi, kwa sababu unaona haya. Hapana, mama. Utapiga.

Mimi nilianza karate pale ukumbi wa mtaa wa Woodley nikiwa wa rika lako. Nyumbani tulifunzwa kwamba msichana hapazi sauti, kwa hivyo nilirusha ngumi nikiwa nimebana pumzi mpaka kichwa kikazunguka. Mwalimu akaniambia, "Toa sauti! Yoyote!" Kilichonitoka ni "Haiya!", kama mtu aliyeona maziwa yakifurika jikoni.

Ukumbi mzima ukacheka. "Kwani umeona nini?" rafiki yangu akaniuliza.

"Chekeni tu," mwalimu akasema, "lakini huyu sasa amepumua."

Na kweli, ule mfuko wa mazoezi niliokuwa nikiupiga uliyumba kwa mara ya kwanza. Hata siku ya kujifungua nilipumua hivyo hivyo, nesi akadhani namshangaa yeye.

Basi haya zako ziweke kando, ila pumzi usiibane.

Vitu ninavyongoja bado ni hivi: leso yangu ya kubebea mtoto uliyoenda nayo ulipotutembelea, sweta aliyofuma cucu, na kelele yako moja, irekodi kwa simu yake. Ukinong'ona nitairudisha.

Anti yako,
Njeri