Kaseti Iliyorudi Unguja

Shajara ya Ibra, Jumatano usiku

Kompyuta imeganda tena. Prosesa niliizidisha kasi, na mwaka mzima haikunisumbua. Toka nilipoitia juzi bayosi mpya, ile programu ya kuiwashia, haistahamili. Nimeirudisha kasi yake ya asili, bado. Leo inanambia diski ina makosa.

Wallahi naogopa. Humo ndimo nilimoinakili sauti ya marehemu Bi Zuwena, dada yake bibi, kutoka kaseti yake ya mwisho. Kwenye kaseti haipo tena: bibi alirikodi jibu lake juu yake akairudisha Unguja, kama walivyozoea wenyewe miaka yote kutumiana barua za sauti kwa kaseti ile ile.

Jioni nimemwamkia bibi, akanikamata mkono. "Kesho nifungulie nimsikie dada yangu. Naanza kusahau alivyokuwa akiniita."

Nimemjibu inshallah. Kidole kipo kwenye swichi ya kuiwasha kompyuta, sithubutu kubonyeza.