Geji Uliyoing'oa Kioo

Baba,

Wamenizuia kuingia majini. Nitafika hapo, lakini kwanza nikwambie kuhusu hawa watu.

Tangu tukuzike, timu yetu ya kuopoa waliozama imepata mkubwa mpya, mtu ambaye nadhani hajawahi kulowa ila kwa mvua. Ametuletea geji za dijitali za kupima hewa iliyobaki kwenye mtungi. Unavaa mkononi kama saa, na namba zinawaka kijani. Alitufundisha kwenye kidimbwi cha kuogelea cha hoteli, maji safi hadi unahesabu vigae. Tukapiga makofi kama wajinga.

Mwezi uliopita tukaitwa kwa ile kwari ya zamani ya Kitengela, lile shimo la mawe lililojaa maji. Mwanamume alikuwa amezama, na mke wake alikuwa ameketi hapo juu ya jiwe tangu jana yake. Unayajua yale maji, ni uji mtupu. Wenzangu wawili walishuka na saa zao za bei, na dakika tano hazijaisha wakarudi. Hata wakibandika namba kwa miwani hawazioni, na hawajui wamebakisha hewa gani. Mkubwa akasema tungoje matope yatulie. Yatulie lini, na mama wa watu anangoja?

Nikachukua geji yako ya mshale, ile uliyoing'oa kioo ili uisome kwa kidole. Mkubwa akauliza kama nimeitoa makumbusho. Nilishuka kidole kikiwa kwa mshale, nikapapasa hadi nikashika shati la yule mwanamume, nikampandisha. Yule mama alinishika mkono. Aliyepigwa picha ni mkubwa.

Najua umefurahi. Sasa sikiza ile sehemu hutapenda.

Juzi tulipelekwa kliniki kupimwa presha. Nesi akanifunga ile mashine ya namba, ikasoma juu. Akarudia, juu tena. Akasema nimeze dawa kila siku na nisipige mbizi hadi ishuke. Nikafungua mdomo nimwambie kitu cha betri ni cha kudanganya watoto, halafu nikanyamaza. Hayo maneno ni yako, Baba, na uliyasema kwa kiti hicho hicho nilichokalia. Ulimrudishia nesi mashine yake, ukatoka ukicheka, na mimi nikacheka na wewe. Haikuisha miezi mitatu, ukaanguka bafuni.

Ulikuwa mjinga. Tena mjinga mwenye ujuzi, ambaye hakuna mtu anaweza kumwambia kitu. Nimedharau huyu mkubwa mwaka mzima, na yeye angalau amepimwa.

Geji yako nimempa Wanjiru, mwenzangu, na nimemfundisha kuisoma kwa kidole. Mimi nakuahidi nitameza hizi dawa, na sitagusa maji hadi nesi aniruhusu.

Pumzika, Baba. Nimekukasirikia sana, na bado ni wewe nilitaka kukwambia.

Binti yako,
Akinyi